Sensa ya hewa nyumbani: mnayoambiana na ukweli wenyewe

Hii ya "bandika popote itasoma tu" naisikia kila siku na inaniuma, maana mtu katoa hela yake kanunua sensa ya PM2.5, yaani kifaa cha kupima vichembe vidogo sana vya vumbi na moshi hewani, halafu kaiweka juu ya friji jikoni au chini kabisa ya feni ya panga boi. Sensa haisomi nyumba nzima jamani, inasoma hewa inayopita kwenye kale katundu kake tu. Ndani mna kafeni kadogo kanavuta hewa, leza inapiga chembe za vumbi na moshi, mwanga unatawanyika na kuna kijicho kinaupima, basi. Sasa ukiiweka karibu na jiko unapima vitunguu vinavyokaangwa, ukiiweka mbele ya AC unapima hewa iliyokwisha chujwa, na pale chetezo cha udi kinapofukizwa ndio usiseme.

Ifunge ukutani usawa wa pua ya mtu aliyekaa, kama mita 1 hadi 1.5, mbali na dirisha, mlango, feni na jua, pazia lisiizibe wala matundu yasibanwe na ukuta, na tundu la kuvutia hewa lisitazame juu maana vumbi litadondokea humohumo. Kama unayo moja tu, mi ningeanza na chumba wanacholala watoto.

Kuna wanaosema ikichafuka itasoma juu zaidi tu, kwa hiyo haina hatari. Wapi! Vumbi likiganda kwenye kijicho au kafeni kakianza kuchoka, inaweza kusoma juu au ikasoma chini, na hiyo ya chini ndio mbaya maana unakaa na moshi huku umetulia.

Na kuisafisha, wengine wanapaka spiriti kwenye pamba wanasugua ndani, wengine wanapeleka kwa fundi kompyuta apige bloa. Usifanye hivyo. Bloa inakazungusha kale kafeni mpaka kanaharibika na inasukuma uchafu ndani zaidi, na mvuke wa spiriti, pafyumu au dawa ya mbu ya kupuliza unavuruga kabisa zile sensa zinazopima gesi. Chomoa umeme, chukua brashi laini kavu ya kupakia rangi, pangusa matundu kwa nje taratibu, utando wa buibui utoe kwa kijiti cha meno bila kukichomeka ndani, inatosha. Kile kiboksi cha leza usikifungue.

Wa Dar, Tanga na Mombasa mnaniuliza mbona masika namba zinapanda na hakuna anayechoma taka. Unyevu huo. Chembe zikinywa maji zinavimba, leza inaziona kubwa, tena hata mvuke wa sufuria ya chai unaweza kuidanganya, sio kwamba sensa imekufa. Lakini kufa nako kupo, SDS011 kwa mfano, aina ya sensa ya PM2.5 ambayo wengi wanaitumia kujiundia vifaa vyao wenyewe, leza yake imetajwa kudumu masaa kama 8,000, ukiiacha inazunguka usiku na mchana hata mwaka haifiki, bora uiset iamke kila baada ya dakika kadhaa, ipime, ilale.

Halafu acheni kupaniki namba ikiruka dakika tano. Kile kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha 2021, kwamba PM2.5 isizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, ni wastani wa masaa 24.

Sasa hii naomba isomwe na kila mtu anayepikia mkaa: "sensa iko kijani kwa hiyo jiko liko salama ndani." HAPANA. Mkaa ukishakolea hautoi moshi mwingi, ila unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na leza ya PM2.5 haiioni kabisa. Hiyo ina kifaa chake cha peke yake chenye king'ora. Usilale na jiko la mkaa chumbani hata kama kiskrini kinaonyesha 3.

Ukishasafisha azima sensa ya jirani, ziweke pamoja meza moja usiku kucha, kama zinapanda na kushuka pamoja rudisha yako ukutani, kama yako imeganda namba moja tafuta nyingine.