Kuifikia Kompyuta ya Nyumbani Ukiwa Safarini

Kila mwezi wa sita, mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa, simu zinazoingia kitengo chetu cha TEHAMA huwa na kilio kimoja. Mtu yuko Dodoma kikazi, faili analolitaka liko kwenye kompyuta aliyoiacha nyumbani Dar es Salaam, na programu ya kuiendesha kwa mbali, iliyofanya kazi vizuri wiki iliyopita, leo haioni kitu. Tukimuuliza aliijaribia wapi, jibu ni lilelile: sebuleni, simu na kompyuta zote zikiwa kwenye Wi-Fi moja.

Sebuleni kila kitu hukubali, kwa sababu vifaa viko ndani ya ukuta mmoja. Ukitoka nje ni habari nyingine. Anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na hazitutoshi. Kwa hiyo kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi na geti moja: mpangaji hutoka na kurudi atakavyo, lakini mgeni aliyepewa namba ya nyumba tu akifika getini hajui agonge chumba kipi, na ufunguo wa geti anao mwenye nyumba. Kujua kama nawe umo humo, linganisha anwani ya nje iliyoandikwa kwenye mipangilio ya ruta yako na ile inayoonyeshwa na tovuti za kuangalia IP. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ndiyo hali yako.

Hii ndiyo sababu ushauri wa kwenye video za mtandaoni, ule wa "fungua poti 3389 kwenye ruta" (poti ni mlango wenye namba ambao huduma fulani hupitia), hugonga mwamba kwa wengi wetu. Nami husema afadhali ugonge. 3389 ni poti ya Remote Desktop, huduma ya Windows ya kuiendesha kompyuta kwa mbali, na kuna programu zinazozunguka intaneti usiku kucha zikibisha kwenye poti hiyo anwani kwa anwani, zikibahatisha nywila. Mei 2019 Microsoft ilitangaza dosari iliyokuja kuitwa BlueKeep, ambayo iliweza kumwingiza mvamizi kupitia huduma hiyo bila nywila yoyote. Ilikuwa nzito kiasi kwamba kampuni ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba dosari, hata kwa Windows XP, ambayo ilishaacha kuihudumia tangu 2014. Wenye faiba na anwani yao wenyewe, ambao poti kwao itafunguka kweli, ndio hasa ninaowaomba wasiiguse.

Njia inayofaa ni kompyuta yenyewe kutoka getini, kwenda kwenye seva ya katikati na kukusubiri huko. Chrome Remote Desktop, AnyDesk na RustDesk hufanya hivyo. Ya kwanza haina malipo, na hukubali hata Windows Home, toleo ambalo haliwezi kupokea Remote Desktop ya Microsoft. Kwenye kompyuta ya nyumbani fungua Chrome, nenda remotedesktop.google.com/access ukiwa umeingia kwenye akaunti yako ya Google, pakua programu na uisakinishe, ipe kompyuta jina, kisha weka PIN ya tarakimu 6 au zaidi (tarehe ya kuzaliwa mtoto si PIN). Washa na uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti hiyo, maana atakayeiiba atakuwa amebakiza PIN tu. Jambo moja watu hulisahau: kwa kawaida unachokifanya huonekana kwenye skrini ya nyumbani vilevile, hata kama ni jedwali la mishahara. Remote Desktop ya Windows Pro hufunga skrini ya huko; ukiitaka hiyo, ipitishe ndani ya VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa ndani ya intaneti, kama WireGuard au Tailscale.

AnyDesk na wenzake wana upande wa pili. Matapeli huwapigia watu wakijifanya ni wa benki, wakaomba wasomewe namba iliyo kwenye skrini na kubonyeziwa kitufe cha kukubali. Kata simu. Ukishachelewa, chomoa intaneti kwanza, kisha ipigie benki yako kwa simu nyingine.

Yanayobaki ni ya umeme, na huko ndiko safari nyingi zinakoharibikia. Kompyuta iliyolala haisikii mtu, kwa hiyo zima usingizi wa kujiendesha inapokuwa kwenye umeme. Kwa laptopu, elekeza pia kwamba kufunga kifuniko kusifanye chochote. Kompyuta ya mezani huwa na kipengele kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) cha kuiwasha yenyewe umeme unaporudi. Ruta nayo iwe kwenye UPS ndogo, yaani betri ya akiba, na LUKU ijazwe kabla hujapanda basi.

Siku mbili kabla ya safari, toka hadi barabarani, zima Wi-Fi ya simu, tumia bando, uingie. Ukifaulu, rudi ndani: kama ni ya mezani, funga kazi zako, izime, chomoa waya wake ukutani, subiri dakika moja, uchomeke, kisha utoke tena barabarani na ujaribu bila kuigusa kompyuta.