Kwa nini somo la Mbeya lipitie Marseille?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya zinazobeba intaneti, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mwalimu anayefundisha kwa Zoom, kijana anayemfanyia kazi mteja wa ng'ambo, mama anayepokea oda za keki kwa WhatsApp, wote walibaki kutazama kiduara kinazunguka. Kaskazini nako kulikuwa kumeharibika tangu Februari, mikongo kadhaa ilipokatika ndani ya Bahari ya Shamu baada ya meli ya Rubymar kushambuliwa na kuachwa ikielea huku nanga yake ikiburuzwa.

Mimi ni mhandisi wa mitandao, na siku kama zile ndipo watu wanaponiuliza: kwani intaneti si iko hewani? Hewani ni kile kipande kifupi tu, kutoka simu yako hadi mnara. Kuanzia mnarani, sehemu kubwa ya safari ni ya nyuzi za kioo: zimefukiwa kando ya barabara, zinaungana na Mkongo wa Taifa, zinafika Dar es Salaam, zinazama baharini.

Kabla ya 2009 tulitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali na jibu lake vilichukua nusu sekunde na zaidi, ndiyo maana mazungumzo ya masafa marefu yalikuwa ya kukatizana. SEACOM iliwashwa Julai 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na hapo ndipo mtu wa Kijitonyama alipoweza kukaa kwenye kikao kimoja na wenzake wa London bila kupishana maneno. Kwa maoni yangu, katika miaka yote hii hakuna kilichogusa masomo na kazi zetu kuliko waya huo.

Na ni waya mwembamba. Kwenye kina kirefu unene wake haupiti sana ule wa mpira wa kumwagilia bustani. Karibu na pwani huvalishwa nyaya za chuma, maana adui zake wakubwa ni nyavu na nanga. Ukikatika, meli maalumu huenda hadi mahali penyewe, huvua ncha moja kwa ndoano na kuifunga kwenye boya, hutafuta ya pili, kisha mafundi huunga nyuzi moja baada ya nyingine mle mle melini. Bahari ikichafuka, wanasubiri.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Chukua mwanafunzi wa Mbeya anayefungua noti za mwalimu wa Dodoma. Zimeandikwa kwa mtaala wa Tanzania, kwa wanafunzi wa Tanzania. Lakini chuo kimekodi seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia noti hizo, iliyoko Ulaya, kwa sababu bei ni nzuri na malipo ni ya kadi, dakika tano umemaliza. Basi ombi la mwanafunzi linashuka Dar, linapita Bahari ya Shamu, linaibukia Marseille, Ufaransa, linachukua noti, linarudi. Nikipima, seva iliyo Dar hujibu ndani ya milisekunde (elfu za sekunde) chache. Ya Ulaya huvuka 100. Waweza kusema ni kitu kidogo. Ila ukurasa wa leo huita picha, herufi na programu ndogondogo kwa makumi, na vingi kati ya hivyo vinasubiriana. Mwenye simu ya bei nafuu na bando la siku anauona ucheleweshaji huo.

Dawa yake tunayo zamani. KIXP ya Nairobi ilianza mwaka 2000, TIX ya Dar es Salaam mwaka 2004, na Arusha wana yao. Hivi ni vituo ambako watoa huduma huunganisha mitandao yao kwenye swichi moja (kifaa cha kupitishia data), ili data ya mteja wa huyu kwenda kwa mteja wa yule isitoke nje ya nchi. Lakini kituo kitasaidia nini ikiwa noti zenyewe zimehifadhiwa Frankfurt?

Hata seva ikiwa nchini, kuna mtego mwingine. Niliwahi kukagua tovuti ya mafunzo ambayo kila kitu chake kilikuwa Dar, isipokuwa ukurasa wa kuingilia, uliotegemea huduma ya nje kuhakiki nywila. Mkongo ukikatika, masomo yako palepale ila mlango haufunguki. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: nazima muunganisho wa nje, kisha najaribu kuingia kama mwanafunzi. Tovuti nyingi zinafeli hapo.

Shule zisizo na fedha za seva zianze na programu za Kolibri au Kiwix. Zote ni za bure, zinakubali kompyuta ya kawaida, na zinagawa masomo kwa Wi-Fi ya shule bila intaneti kabisa. Kwa Kiwix unapata hata Wikipedia ya Kiswahili. Vyuo navyo viweke masomo nchini na nakala ya akiba ng'ambo. Kabla ya kusaini mkataba, ulizeni seva iko mji gani, na kama mtoa huduma ameunganishwa TIX. Akijibu kwamba iko kwenye klaudi, yaani kwenye seva za kukodi zilizoko mahali fulani, mwambieni awatajie mji.