Hansen si lazima awe mtoto wa Hans: dhana potofu kuhusu majina ya -sen

Madaktari huuita ukoma ugonjwa wa Hansen, kwa heshima ya Gerhard Armauer Hansen, tabibu wa mji wa Bergen nchini Norwei, ambaye mwaka 1873 aliviona kwa hadubini vimelea vinavyouleta. Hansen maana yake ni mwana wa Hans. Lakini baba yake daktari huyo hakuitwa Hans. Aliitwa Claus, Claus Hansen.

Wengi wetu tumekulia kwenye utaratibu ambao jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu, na pwani bado wapo wanaojitambulisha kwa bin na binti. Kwa hiyo tukikutana na Hansen, Jensen, Nielsen au Andersson tunajiona tumeshaelewa. Tumeelewa nusu tu. Utaratibu huo watu wa Skandinavia walikuwa nao kweli, ila wengi wao waliuacha, na majina tunayoyasikia leo ni yale yaliyokutwa yakitumika wakati wanauacha.

"Hansen ni mtoto wa Hans"

Zamani, ndiyo. Katika vijiji vya Denmark na Norwei hadi ndani ya karne ya 19, mtoto wa Hans aliitwa Hansen akiwa wa kiume na Hansdatter akiwa wa kike. Peder Hansen akipata mvulana, mvulana huyo ni Pedersen, si Hansen. Hans angerudi kizazi kinachofuata, maana desturi ilitaka mwana wa kwanza apewe jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama. Familia moja ingeweza kwenda Hans Pedersen, Peder Hansen, Hans Pedersen kwa miaka mia nzima na isiwe na jina la ukoo.

Tazama nyumbani kwa H.C. Andersen, yule mtunzi wa hadithi za watoto aliyezaliwa Odense, Denmark, mwaka 1805. Babu yake aliitwa Anders Hansen. Anders akamzaa Hans, fundi viatu, naye akaitwa Hans Andersen. Mpaka hapo kanuni imefuatwa bila dosari. Fundi viatu naye akapata mwana, Hans Christian, ambaye kwa kanuni ya kijijini alipaswa kuwa Hans Christian Hansen. Akabaki Andersen kama baba yake, kwa sababu mijini watu walikuwa wameshaanza kuliacha jina ligande, yaani lirithiwe vilevile kizazi hadi kizazi. Mama yake aliitwa Anne Marie Andersdatter, yaani yeye alibaki kwenye utaratibu wa zamani. Nyumba moja, taratibu mbili.

Kinachonifurahisha zaidi ni hiki: jina lingeganda kizazi kimoja nyuma, kwa babu, dunia ingemjua kama Hansen. Lingeganda kizazi kimoja mbele, kwake mwenyewe, angekuwa Hansen vilevile. Liliganda katikati, kwa fundi viatu, ndiyo maana tuna Andersen.

"Ni majina ya Waviking"

Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, walitumia jina la baba, hilo halina ubishi. Leif Eiriksson, aliyefika Amerika ya Kaskazini mnamo mwaka 1000, alikuwa mwana wa Eirik. Lakini jina hilo lilikuwa lake peke yake. Watoto wake hawakulirithi.

Tena majina mengi yaliyomo ndani ya hizo -sen si ya Waviking hata kidogo. Ni ya kanisani. Hans ni Johannes aliyefupishwa, yaani Yohana. Jens naye ni Yohana, na Johan pia, kwa hiyo Hansen, Jensen na Johansen wote ni wana wa Yohana kwa matamshi matatu. Niels ni Nikolaus, Lars ni Laurentius, Peder ni Petro. Majina haya yaliingia pamoja na Ukristo, na yalichukua karne kadhaa kuyasukuma pembeni ya kale. Olsen ndilo linalojitenga: linatokana na Ole au Olav, jina la huko huko, lililookolewa na mfalme Olav aliyeuawa vitani Stiklestad mwaka 1030 akaja kuhesabiwa mtakatifu.

"Wenye jina moja ni ndugu"

Kuanzia mwaka 1993 Denmark iliongozwa na mawaziri wakuu watatu mfululizo walioitwa Rasmussen: Poul Nyrup Rasmussen hadi 2001, Anders Fogh Rasmussen hadi 2009, kisha Lars Løkke Rasmussen. Mgeni angedhani nchi imeshikwa na familia moja. Hakuna undugu kati yao. Rasmus lilikuwa jina la kawaida, na kila Rasmus aliyekuwa na watoto wakati jina linaganda aliacha ukoo wake wa Rasmussen, usiojuana na ule wa kijiji cha jirani.

Wadenishi wenyewe hulimaliza tatizo kwa jina la katikati. Waliwaita Nyrup, Fogh na Løkke, Rasmussen likabaki la kwenye makaratasi. Mazoea hayo si mapya. Baba wa mwanafalsafa Søren Kierkegaard aliitwa Michael Pedersen Kierkegaard: Pedersen kwa sababu baba yake alikuwa Peder, na Kierkegaard kutokana na shamba la kanisani huko Sædding, Jutland, alikotoka. Mwana akabaki na jina la shamba, la Peder likaachwa njiani.

"Sheria ilitoka, kila mtu akapata jina la ukoo"

Hapa ndipo simulizi nyingi za nasaba zinapokosea, kwa kuwa hakukuwa na siku moja wala sheria moja. Mwaka 1526 mfalme Frederik wa Kwanza aliwaamuru makabaila wa Denmark wawe na majina ya kudumu ya ukoo. Wakulima hawakuguswa. Mwaka 1771, enzi za Struensee, daktari wa mfalme aliyekuwa akiendesha serikali, amri ya majina ya kudumu ilitolewa kwa Slesvig, ile nchi ya kusini ambayo Denmark iliipoteza vitani mwaka 1864. Sehemu ya kaskazini ilirudi kwa kura mwaka 1920, ya kusini ikabaki Ujerumani, na ndiyo maana Hansen na Petersen wamejaa Flensburg hadi leo, nao ni Wajerumani.

Kwa Denmark yenyewe amri ya kukumbukwa ni ya mwaka 1828: kila mtoto abatizwe kwa jina lake pamoja na jina la ukoo. Jina lipi? Amri haikufafanua vya kutosha, na waliokuwa na kalamu mkononi ni mapadri wa vijijini. Wengine waliwapa watoto wote wa Peder Hansen jina la Hansen. Wengine waliendelea na Pedersen kama kawaida. Wakulima hawakuona sababu ya mtoto kuitwa mwana wa mtu ambaye si baba yake, na kusema kweli hoja yao ilikuwa na mantiki kuliko ya serikali. Ilibidi itoke sheria nyingine mwaka 1856 kufunga mjadala.

Matokeo yake nchi ikafurika Jensen, Nielsen na Hansen. Ilipofika mwaka 1904 serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuwarahisishia watu kuyaacha majina ya -sen wachukue mengine. Wengi hawakujishughulisha. Majina yanayoongoza Denmark mpaka sasa yanaishia kwa -sen.

Norwei ilichelewa zaidi. Watu wa mijini, kama ukoo wa daktari wa Bergen, walishagandisha majina mapema. Mashambani mtu alikuwa na majina matatu: lake, la baba, na la shamba analoishi. La shamba lilikuwa kama anwani. Ukihamia shamba jingine, linabadilika. Sheria ya kumtaka kila mtu awe na jina moja la ukoo ilikuja mwaka 1923, na familia zikagawanyika, hawa wakichagua la baba, wale la shamba.

Uswidi ilikuwa na kanuni yake ya mwaka 1901, lakini jeshi lilikuwa limeshatangulia. Katika mfumo wa askari wa wilaya uliowekwa mwaka 1682, kikosi kimoja kingeweza kuwa na akina Anders Andersson kadhaa, na ofisa akiita jina wanaitika wote. Askari wakapewa majina mafupi: Rask, mwepesi, Modig, jasiri, Sköld, ngao. Wapo waliorudi nyumbani nayo yakawa ya ukoo.

Familia za wenye ardhi zilikuwa mbele ya wote hao. Karen Blixen, aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong, Kenya, kuanzia mwaka 1914 hadi 1931, alizaliwa Dinesen. Baba yake aliitwa Wilhelm. Huyo Dines wa kwanza alikuwa mbali sana nyuma.

"Iceland nako wana majina ya ukoo"

Kwa sehemu kubwa hawana. Sheria ya mwaka 1925 ilipiga marufuku kujitwalia jina jipya la ukoo, na waliobaki nayo ni familia chache zilizokuwa nayo kabla. Vigdís Finnbogadóttir, rais kuanzia 1980 hadi 1996 na mwanamke wa kwanza duniani kushika urais kwa kuchaguliwa na wananchi, ni binti wa Finnbogi, basi. Huko kwao huitwa Vigdís, na hata orodha za simu hupangwa kwa jina la kwanza. Na si lazima liwe la baba: wapenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza watamkumbuka mshambuliaji Heiðar Helguson, mwana wa Helga, ambaye ni mwanamke.

"Bibi yangu alikuwa Hansen tangu kuzaliwa"

Anayetafuta ukoo wake kwenye vitabu vya ubatizo vya Norwei au Denmark na kuandika Hansen mbele ya jina la bibi wa karne ya 18 hatampata. Mwanamke hakuwa mwana wa kiume wa mtu yeyote. Aliitwa Hansdatter, akaolewa akiwa Hansdatter, akazikwa akiwa Hansdatter. Mume hakuwa na jina la kumpa. Kumwita mwanamke Hansen ni jambo la baada ya majina kuganda.

"Makarani wa Ellis Island waliyaharibu majina"

Hii inapendwa sana na wajukuu wa wahamiaji: babu alifika New York akiitwa Hansen, karani mvivu akaandika Hanson. Kwanza, Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji cha New York, kilifunguliwa mwaka 1892. Wanorwei walianza kuhamia Marekani kwa makundi mwaka 1825, kwa meli ya Restauration kutoka Stavanger, na wengi waliofuata, Waswidi wakiwemo, walishafika kabla kituo hicho hakijakuwepo. Pili, makarani wa pale hawakuwa wakimpa mtu jina. Orodha ya abiria iliandikwa na watu wa kampuni ya meli kule safari ilikoanzia; ofisa wa Marekani alikuwa na orodha hiyo mbele yake akihakiki, mara nyingi akiwa na mkalimani.

Majina yaliyabadilishwa na wenyewe, taratibu, kazini, shuleni, dukani. Knute Nelson ni mfano mzuri. Alizaliwa karibu na Voss, Norwei, mwaka 1843, mama yake akiwa hajaolewa, na akavushwa bahari akiwa mtoto. Huko mama akaolewa na Nils Olson Grotland. Kijana akajiita Nelson, mwana wa Nils, yaani baba wa kambo, kwa kanuni ya kikwao na tahajia ya Kiingereza. Kwa jina hilo akawa gavana wa Minnesota mwaka 1893, kisha seneta hadi alipofariki mwaka 1923.

Wengine walikuwa na sababu ya kujificha. Ola Månsson alikuwa mbunge wa Uswidi aliyeandamwa na tuhuma za ubadhirifu. Mwaka 1859 akaondoka, na Marekani akawa August Lindbergh. Mjukuu wake, Charles Lindbergh, ndiye aliyeruka peke yake kutoka New York hadi Paris mwaka 1927. Hakuna karani anayeweza kulaumiwa kwa hilo.

"-sen ni Mdenishi au Mnorwei, -son ni Mswidi"

Kama dokezo, sawa. Denmark na Norwei zilikuwa chini ya mfalme mmoja hadi mwaka 1814, na mapadri wa Norwei waliandika Kidenishi, ndiyo maana nchi hizo zinashiriki -sen. Lakini -sen imejaa pia Ujerumani ya kaskazini na Uholanzi, na -son ni ya Iceland na ya Waingereza vilevile. Admirali Horatio Nelson alikuwa mwana wa kasisi wa Norfolk, Uingereza.

Aliyeponzwa zaidi na herufi hizo ni John Hanson wa Maryland, aliyekuwa rais wa Bunge la Shirikisho la Marekani mwaka 1781, kabla ya George Washington kuwa rais wa nchi. Kwa miaka mingi Wamarekani wenye asili ya Uswidi walijivunia kwamba ni mtu wao. Wachunguzi wa nasaba walipofuatilia nyaraka, wakakuta ukoo wake ni wa Kiingereza. Kisha ukaja uvumi mwingine, ambao bado unazunguka mitandaoni hata huku kwetu, kwamba Hanson huyo ndiye rais wa kwanza mweusi wa Marekani, na picha inawekwa. Hanson wa Maryland alifariki mwaka 1783, na upigaji picha ulitangazwa kwa umma mwaka 1839. Mtu aliye kwenye picha ile ni John Hanson mwingine, seneta wa Liberia, aliyepigwa picha miaka ya 1850.