Kushonwa mfuko wa chakula bila kupasuliwa

Ili mtu apungue uzito, mfuko wa chakula unapunguzwaje bila kisu?

Njia ni mdomo. Ukishapewa nusukaputi, daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera na kifaa cha kushonea hadi tumboni. Hushona ukuta wa mfuko kwa ndani, akiukunja kama fundi anayetia marinda, mpaka unabaki mwembamba mfano wa ndizi. Nafasi hupungua kwa takriban asilimia 70. Hakuna kinachokatwa wala kutolewa.

Nina kitambi tu. Nifanyiwe?

Hapana. Marekani iliruhusu kifaa hiki mwaka 2022 kwa watu wazima wenye BMI (kipimo cha uzito kulingana na urefu) ya 30 hadi 50, walioshindwa kupungua kwa mlo na mazoezi. Kwa mtu wa mita 1.65, BMI 30 ni kama kilo 82.

Nitapungua kiasi gani?

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka huohuo ulifuatilia watu 209. Baada ya mwaka, walioshonwa walipungua kwa wastani wa asilimia 13.6 ya uzito wao. Waliobadili mlo na mwenendo bila kushonwa, asilimia 0.8. Kwa hiyo mwenye kilo 100 atarajie kushuka hadi 86 hivi. Anayekuahidi nusu ya uzito wako anakudanganya.

Nitakula nini?

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wiki za mwanzo ni vimiminika tu: maji, maziwa, supu iliyochujwa, kwa mafunda madogo madogo. Kisha vilivyopondwa laini, ndipo vigumu, kwa ratiba ya daktari. Ukiwahi ugali na nyama, nyuzi zinaweza kuachia. Na tafadhali, angalia vinywaji: soda na chai ya sukari nyingi hazishibishi, zinapita tu, na uzito unarudi kimyakimya.

Kuna hatari?

Kichefuchefu na maumivu ya siku chache ni kawaida. Madhara makubwa, kama kuvuja damu au usaha kukusanyika kando ya mfuko, yaliwapata takriban 2 katika kila 100 kwenye utafiti ule. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, homa au maumivu yanayozidi, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake kabla ya kushonwa: akila kidogo huku anatumia dozi ileile, sukari inaweza kushuka ghafla.