Tumbo Baada ya Titi Jipya: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Nilipotoka hospitali, nilikoundiwa titi jipya kwa nyama ya tumbo langu mwenyewe, jirani yangu hapa Umoja aliniletea uji na pongezi: "Umepata titi, na tumbo umepunguziwa bure!" Nilicheka kwa tahadhari, maana kucheka kulivuta nyuzi.

"Ni sawa na kupunguza tumbo kwa urembo." Hapana. Anayefanyiwa kwa urembo hukatwa chini kabisa, na mara nyingi misuli iliyoachana hukazwa. Kwetu sisi daktari hufuata mishipa ya damu itakayolisha titi, na mizuri zaidi iko karibu na kitovu. Kwa hiyo kovu, linalotoka nyonga hadi nyonga, huweza kupanda juu kidogo na kuchungulia juu ya chupi. Kitovu chenyewe hakihamishwi. Hubaki kwenye shina lake, ngozi ya juu huvutwa chini, kisha hutobolewa tundu jipya la kukitoa nje. Niliuliza hilo mara tatu kabla ya kuelewa. Ningekuwa narudia, ningeenda kuchorwa mstari wa kukatwa nikiwa nimevaa chupi ninazovaa kila siku.

"Msuli wa tumbo lazima uende." Inategemea mbinu. Mbinu iitwayo TRAM, iliyoelezwa mwaka 1982, huchukua msuli au sehemu yake. Ile iitwayo DIEP, iliyoenea kuanzia miaka ya 1990, huichambua mishipa kutoka ndani ya msuli na kuuacha msuli mahali pake. TRAM ina hatari kubwa zaidi ya ngiri, ndiyo maana wakati mwingine daktari hushonea wavu ndani. Hata DIEP haina kinga kamili, kwa kuwa neva za msuli zinaweza kuumia. Uvimbe unaotokeza ukikohoa na kurudi ukilala si kitambi, na mazoezi ya tumbo hayatauondoa. Mwonyeshe daktari.

"Funga leso kwa nguvu, kama aliyejifungua." Shangazi zetu wana nia njema. Mkanda wa kubana husaidia uvimbe kushuka na kukupa nguvu ya kusimama, lakini avalishe aliyekufanyia upasuaji. Kuna TRAM ambayo titi huendelea kulishwa na mishipa inayopita chini ya ngozi ya tumbo la juu. Ukikaza leso hapo, unalinyima titi damu. Na mtungi wa lita 20 mwachie mwingine kwa wiki sita hivi.

"Kovu likivimba ni keloidi." Kovu nene linalobaki ndani ya mipaka ya jeraha si keloidi; keloidi huvuka mipaka hiyo. Ngozi nyeusi huelekea zaidi kupata yote mawili. Subira inahitajika: kovu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kukomaa. Jeraha likishafunga, vibandiko au jeli ya silikoni kwa miezi kadhaa husaidia, na likikaidi kuna sindano za steroidi. Mafuta ya nazi ni ya kukandia tu, hayana muujiza.

"Vile vipembe kwenye nyonga utakufa navyo." Hivi ndivyo vilivyoniudhi kuliko kovu lenyewe: ncha mbili za nyama zilizokunjamana pale mstari unapoishia, zinazofura kila ninapoketi kwenye matatu. Hutokea kwa sababu ngozi ndefu imeshonwa kwenye mstari mfupi. Vingine hutulia vyenyewe uvimbe ukishuka. Visipotulia baada ya miezi kadhaa, hukatwa kwa ganzi ya hapo hapo tu, au mafuta ya ubavuni hunyonywa, mara nyingi siku ile ile titi linaporekebishwa.

"Ngozi kufa ganzi chini ya kitovu hakuna madhara." Neva za ngozi hukatwa, na hisia hurudi polepole, si zote. Julai ile, baridi ya Nairobi iliponizidi, nililala na chupa ya maji moto tumboni. Asubuhi nikakuta malengelenge mawili juu tu ya kovu, na usiku kucha sikuwa nimehisi kitu.