Fenilasetilini kwenye joto la Tabora

Vijana kadhaa waliomaliza digrii ya kemia na sasa wako kwenye maabara za vyuo huku mikoani wameniuliza, wakiletewa fenilasetilini waiweke wapi na waishikeje, basi leo naandika kwa urefu kidogo maana hili jambo linanigusa na majibu ninayoona watu wanapeana kwenye magrupu ya WhatsApp mengine ni ya hatari.

Yenyewe ni kimiminika kisicho na rangi, ikikaa sana inaanza kuwa njano. Ina pete ya benzini, yaani kaboni sita zilizoshikana duara, na kwenye pete hiyo zimening'inia kaboni mbili zilizoshikana kwa vifungo vitatu, afu mwisho kabisa haidrojeni moja. Fomula ni C8H6. Inachemka kwenye nyuzi 142 hivi, na hapa Tabora tulipo mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari itawahi kidogo. Haichanganyiki na maji, inaelea juu yake.

Sasa namba ya kushika. Mvuke wake unaweza kudaka moto ukikutana na cheche kuanzia nyuzi 30 hivi, na nyie mnaijua Oktoba ya Tabora kabla mvua haijaanza, saa nane mchana bati limeiva na ndani ya chumba hakukaliki, hapo 30 imeshapitwa zamani. Yaani chupa ambayo Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 20 ukiifungua haitoi mvuke wa kutosha kuwaka, kwako wewe inatoa. Na mvuke wenyewe ni mzito mara tatu na nusu kuliko hewa, haupandi juu ukatokea dirishani, unatambaa chini kwenye sakafu mpaka ukute soketi au jiko la spiriti la mwanafunzi wa meza ya pili.

Ndo maana watu wanasema weka kwenye friji, na ni kweli inapenda ubaridi, lakini friji gani jamani? Friji nyingi nilizoziona kwenye maabara zetu ni zilezile za nyumbani, ndani zina taa na swichi ya kupima joto, na ile swichi kila ikijiwasha inaweza kutoa cheche. Fikiria umeme umekatika toka asubuhi, friji imepata joto, mfuniko wa chupa haukukazwa vizuri, mvuke umejikusanya mle ndani kwenye nafasi iliyofungwa, halafu saa kumi umeme unarudi na swichi inajiwasha yenyewe bila mtu kuigusa. Kwa hiyo kama hamna friji maalum ya kemikali zinazowaka, msiiweke kwenye friji. Itafutieni kabati la chuma kwenye chumba chenye kivuli kuliko vyote, chini, mbali na asidi na vioksidishaji (kemikali zinazochochea moto), na nunueni chupa ndogo ya mililita 25, hizi za nusu lita za nini?

Jambo la pili ni shaba. Ile haidrojeni ya mwisho inachomoka kirahisi kuliko haidrojeni za kawaida za kaboni, maana kaboni yenye vifungo vitatu inavutia elektroni upande wake kwa nguvu. Ukidondosha fenilasetilini kwenye mmumunyo wa shaba yenye chaji moja pamoja na amonia, unaona papo hapo mashapo ya njano mazito yakituama, na darasani yanapendeza kweli. Lakini hayo ni asetilaidi ya shaba, yaani shaba imekaa mahali pa ile haidrojeni. Hii ya fenilasetilini ni tulivu kuliko ile ya asetilini yenyewe, ila familia nzima ikikauka si ya kuchezea, inaweza kulipuka, haikwanguliwi na kijiko cha chuma wala kuwekwa kwenye oveni. Mafundi wa kuchomelea wanaijua hii, gesi ya asetilini haipitishwi kwenye bomba la shaba. Na madini ya fedha ni vilevile.

Shaba hiyohiyo ndo inaipa fenilasetilini thamani yake. Mwaka 1869 mwanakemia Carl Glaser aliona kwamba asetilaidi yake ya shaba ikipigwa na hewa, molekuli mbili zinaungana. Leo inaunganishwa na azaidi (kemikali yenye nitrojeni tatu zilizofuatana) kwa msaada wa shaba, inajifunga pete ya triazoli, yenye nitrojeni tatu na kaboni mbili, safi kabisa, na kemia ya namna hiyo ndo iliwapa wanakemia Sharpless, Meldal na Bertozzi tuzo ya Nobel 2022. Kwenye dawa nako utamkuta ndugu yake: erlotinibu, dawa ya saratani ya mapafu, ina pete ya benzini yenye mkia uleule wa vifungo vitatu. Ila kwenye viwanda vya stairini, ile inayotengeneza visahani vyeupe vya kubebea chipsi, fenilasetilini ni uchafu, wanaiondoa kwa haidrojeni na kichocheo cha paladiamu.

Kuishika: miwani, glavu za nitraili ukizibadilisha mara tu zinapolowa, kabati la kuvuta mvuke, na kama feni yake haifanyi kazi basi kazi hiyo ifanyike asubuhi na mapema madirisha na milango ikiwa wazi, tena kwa matone tu, au iahirishwe. Ikishika moto usiimwagie maji, itaelea na kusambaa na moto wake, tumia unga mkavu, povu au mchanga. Mtu akiimeza kwa bahati mbaya msimtapishe hata kidogo, sijui mpeni maziwa atapike, hapana, ikiingia kwenye mapafu wakati wa kutapika inaweza kumuua, mkimbizeni hospitali na chupa yenye lebo mkononi.

Mabaki hayaendi kwenye sinki. Chupa ya kioo yenye lebo, mfuniko wa plastiki, na mabaki yenye shaba au fedha yakae chupa yake peke yake yakiwa bado yamelowa.