Je, wajua kwa nini unene wa punje ya mchele huamua kama kizazi kitabaki?

Tuseme mama wawili wa Kadutu, hapa Bukavu, wote wauza sambaza, wameambiwa wana saratani ya mlango wa kizazi, tena ya mapema. Mmoja anatolewa kipande kidogo cha nyama na kurudi nyumbani. Mwenzake anatolewa kizazi chote. "Mbona yeye ameachiwa chake?" Jibu liko kwenye milimita.

Saratani hii huanzia juu, kwenye utando unaofunika mlango wa kizazi, kisha hupenya kwenda ndani. Kina hicho ndicho kinachopimwa. Kwa ngazi za FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, zilizorekebishwa mwaka 2018, kina kisichofika milimita 3 ni hatua IA1. Kuanzia 3 hadi chini ya 5 ni IA2. Kuanzia 5, kama ugonjwa haujatoka kwenye mlango, ni IB, na sasa hesabu inakuwa ya ukubwa wa uvimbe.

Siki inayopakwa wakati wa uchunguzi hugeuza sehemu yenye kasoro kuwa nyeupe, basi, kina haikijui. Daktari hukata kipande chenye umbo la pia, kama unavyotoa kikonyo cha nyanya kwa ncha ya kisu, kikatazamwe kwa hadubini. Na hapa ndipo ninapopapenda: kipimo hicho chaweza kuwa ndiyo tiba yenyewe. Ikiwa ni IA1, kingo za kipande ni safi, na seli hazijaingia kwenye mishipa midogo ya damu na limfu, mama anayetaka kuzaa hakatwi tena. Anafuatiliwa tu.

Zikipenya zaidi, seli huweza kusafiri hadi tezi za nyonga. Ndiyo maana tezi nazo huchunguzwa, na kizazi hutolewa, mara nyingi pamoja na nyama za pembeni. Uvimbe usiozidi sentimita 2 huacha njia nyingine: kutoa mlango wa kizazi peke yake na kubakiza kizazi chenyewe, upasuaji ambao Mfaransa Daniel Dargent aliuanza mwaka 1987.

Uvimbe ukifika sentimita 4, kwa kawaida kisu huwekwa chini, mionzi na dawa ya cisplatin vikashika kazi. Familia hudhani daktari amekata tamaa. Sivyo: hata akipasua, mgonjwa huyo mara nyingi atahitaji mionzi baadaye, abebe madhara ya vyote viwili.